Nukta Kabla ya Tundu

Nilimuua shemeji yangu kwa kipande cha bati chembamba kama ukucha. Mungu anajua, na sasa wewe jirani yangu unajua. Sikumchukia. Nilichoka tu kusikia akisifiwa.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Jua lilikuwa limeingia karakana kwa madirisha ya juu, redio inaimba, mtu mmoja anakoroga chai kwa bisibisi. Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa mkereza vyuma kama mimi, mashine zetu zimepeana migongo. Wote walimwita Senta, kwa sababu tundu lake halikukosa katikati hata kwa unywele.

Siri yake haikuwa siri. Sisi wengine tulitoboa kwa kichwa cha nyuma cha mashine, tunazungusha gurudumu kwa mkono, na mkono ukichoka keekee inayumba. Yeye aliifunga keekee kwenye tulposti, pale pale panapokaa kisu cha kukatia, mashine ikaisukuma yenyewe, polepole, sawasawa. Hata kishikio cha keekee alikitengeneza kwa mashine ile ile: alifunga donge la chuma kwenye tulposti, keekee akaitia upande wa pili kwenye chaki, yale mataya ya mashine yanayozunguka, akaiacha itoboe donge. "Mashine imejionyesha katikati yake yenyewe," alikuwa akisema. "Mimi nani niibishie?" Na kabla ya kutoboa chochote alipiga nukta kwanza. Keekee hufuata nukta.

Alipokwenda kunawa nililegeza bolti, nikatia bati chini ya kishikio, nikakaza. Keekee ikapanda juu ya senta, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona.

Kazi ilikuwa bushi za mashine ya kusaga, vibomba vifupi vya chuma vyenye tundu katikati. Ya kwanza ikatoka tundu limepanuka mdomo kama tarumbeta. Ya pili hivyo hivyo. Msimamizi akaiinua juu watu wote waione.

"Jamani, huyu si Senta tena. Huyu ni Kando!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. "Kando! Kando!" Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka nikashika tumbo.

Shemeji alifunga chuma kingine, akawasha, akainamisha uso karibu kabisa aone keekee inakwenda wapi. Nilitaka kusema, "Shemeji, inua kichwa." Maneno yalifika mdomoni. Nikayameza. Keekee ikavunjika. Kipande kikamwingia baina ya nyusi. Katikati hasa.

Wenzangu wakambeba nje. Mimi nilibaki nyuma, nikalegeza bolti, nikalitoa lile bati, nikalificha chini ya ulimi. Lilikuwa bado la moto.

Dada yangu akahamia kwangu na mabegi yake na paka wake, akanisaidia kumlea binti yangu mdogo asiye na mama. "Kaka, bila wewe ningekwenda wapi?" aliniambia, analia begani kwangu. Mimi nikapewa mashine ya marehemu. Matundu yangu yakatoka safi, yote, katikati, hata nilipofunga kazi vibaya makusudi. Msimamizi akafurahi. Lakini chini ya mlio wa chuma nilisikia mtu akininong'oneza sikioni: "Ipo katikati, shemeji?"

Kisha keekee ikanifuata nyumbani.

Ilianza na sabuni. Asubuhi ilikuwa na nukta ndogo, kama iliyopigwa kwa msumari. Jioni nukta ile ilikuwa tundu, limetokeza upande wa pili. Pembeni yake palikuwa na chenga za chuma. Sabuni haina chuma.

Ikafuata sahani yangu. Nukta asubuhi, tundu jioni.

"Kaka, kazi zenu sasa mnazileta mpaka mezani?" dada akanitania. "Haya, mchuzi nikupakulie kiganjani?"

Nilicheka naye.

Halafu paka. Nilimkuta dada akimfuta paji la uso kwa kitambaa chenye maji. "Umejipaka nini wewe? Mbona hakitoki?" Mimi nilijua. Nikamaliza chai yangu, nikaenda kazini. Niliporudi paka alikuwa chini ya meza, amejikunja kama amelala. Tundu jembamba, kingo laini. Hapakuwa na tone la damu. Nilipochungulia ndani yake, niliona sakafu.

Nilifunga saumu. Nilisali mpaka magoti yakachubuka. Bati nilikuwa nimelitupa chooni zamani. Mungu nilimwambia yote, na naamini alinisikia. Dada yangu sikumwambia. Nikimwona anavyonitengea chakula kabla ya wote, mdomo unakufa.

Leo mchana alimwogesha binti yangu, akamlaza, akanijia mlangoni. Alinong'ona asimwamshe.

"Kaka, njoo uone. Mtoto ana kitu hapa."

Baina ya nyusi. Nukta.

"Mdudu tu," nikasema.

"Mdudu gani asiyeacha uvimbe? Na hizi kwenye mto ni nini?"

Alizizoa kwa kiganja. Chenga. Akazidondosha ghafla, akapuliza vidole. Zilikuwa za moto.

Nikafungua mdomo. "Dada, mumeo..."

"Mungu amrehemu," akanikatiza, taratibu. "Alikupenda kama ndugu wa tumbo moja. Hata siku ile asubuhi alisema akipata mtoto wa kiume atampa jina lako."

Nikafunga mdomo. Ndipo nikausikia mlio, ndani ya ukuta, nyuma ya kitanda. Chuma kinaanza kuzunguka. Polepole. Sawasawa. Dada hakusikia kitu. Alikuwa amekaa kando ya mtoto, anampepea, anamwimbia chinichini.

Nilikimbia. Nimemwacha mtoto wangu, na sina hata aibu ya kukuficha hilo. Jua limeshapita dirisha lako, jirani, naliona; jioni i karibu. Dada yangu anakuheshimu, na mume ni wake. Yeye peke yake anaweza kumwambia marehemu basi. Atamwambiaje, wakati hajui mumewe alilofanyiwa?

Nenda kwangu sasa hivi. Yupo chumbani na mtoto. Mwambie nilichofanya. Mwambie wewe.