Ripoti ya Mvua ya Warigia

Kila asubuhi saa tatu Warigia alipaswa kwenda nyuma ya jiko la shule yao huko Mweiga, asome kipimamvua cha chupa, aandike milimita daftarini, kisha amwage maji yaliyomo. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Lakini mheshimiwa huyu wa gredi ya sita aliiona ni kazi ya kumshusha hadhi. Ati achafue viatu kwa sababu ya chupa.

Basi wiki hiyo alipima mvua akiwa ameketi kwenye dawati. Jumatatu nne, Jumanne tatu, Jumatano nne tena. Mtaalamu kwelikweli. Ijumaa asubuhi alibandika ripoti kwenye kituo cha maziwa kama ilivyokuwa desturi: mvua ni kidogo, mto hautafurika. Wafugaji walijua mvua hunyesha usiku wakiwa wamelala. Ni kiasi gani, hilo walimwachia mwenye daftari.

Mchana Mwalimu Khavere alimtuma alete chupa ile kwa somo la sayansi. Warigia alienda kwa maringo, akaikuta imejaa mpaka inamwagika. Hapo akaikumbuka ripoti yake. Asubuhi ile alikuwa amemwona jirani yao, bibi mzee waliyemwita Shosho Wakonyo, akiisoma, kisha akiteremka kumfunga ng'ombe wake wa pekee ukingoni mwa mto. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowalisha wajukuu wake watatu.

Angeweza kuyamwaga maji, na hakuna ambaye angejua. Alilifikiria hilo, tena kwa muda. Kisha akaibeba chupa ilivyo mpaka darasani.

"Mwalimu, sikupima," alisema. "Nilibuni tu wiki yote. Na shosho amefunga ng'ombe huko kwa mto."

Walimpitia Shosho Wakonyo, wakateremka mbio. Maji yalikuwa yamemfikia ng'ombe magotini. Walikata kamba wakamvuta hadi barabarani, na walipogeuka, kigingi hakikuonekana tena.

"Mto hausomi daftari, Warigia," Mwalimu Khavere alimwambia huku akitweta. "Watu ndio wanaolisoma. Ukidharau kazi ndogo, umewadharau wanaoitegemea."

Warigia alilia njia nzima, na hakuna aliyembembeleza.

Ijumaa iliyofuata alibandika ripoti mpya: milimita sabini na mbili, msikaribie mto. Shosho Wakonyo alikuwepo na mtungi wake.

"Hii umepima ama umebuni?"

"Nimepima, shosho."

Shosho aliviangalia viatu vya Warigia kwanza. Alipoona matope, ndipo akaisoma ripoti.