Mvi Zisizoungua

Jua lilikuwa linazama nilipoanua nepi na kuingia nazo chumbani kuzikunja. Binti yangu Tumsifu, wa mwaka mmoja, alikuwa amekaa kitandani, ametulia mno.

Mdomoni mwake zilining'inia mvi.

Nilizivuta kwa kidole. Nyuzi za kijivu, laini... Kishungi kingine kilikuwa juu ya chandarua. Mama mkwe wangu alikuwa ameondoka asubuhi ile kurudi kijijini kwake Mvumi, na nywele zake ni za rangi hiyo hiyo.

Nikamwita jirani, Mama Loisi. Hakugusa.

"Elieth mdogo wangu, hizo zimetumwa," alinong'ona.

"Na nani?"

"Unaniuliza mimi? Nani mwenye mvi alilala humu?"

Vitu vya kichawi huchomwa, kila mtu anajua. Nilimbeba Tumsifu mgongoni, tukatoka uani. Nikazikung'uta mvi, nikazichambua ziungue upesi. Mama Loisi alimwaga mafuta ya taa, akawasha, akakemea kwa jina la Yesu.

Mafuta yakaisha. Moto ukazimika.

Mvi zilikuwa pale pale.

Hata moja haikujikunja. Hapakuwa na harufu ya nywele... Mama Loisi akaacha kukemea.

Nilichukua simu nimwambie mama mkwe asikanyage tena kwangu. Kabla haijaita, mume wangu Meshack aliingia na Optatus, fundi mzee wa majengo kazini kwake. Mzee aliinama kutazama, kisha akarudi nyuma haraka na kufunika pua kwa kola.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kazikung'uta hizi?"

"Mimi."

"Mtoto alikuwa wapi?"

"Mgongoni."

Akatuashiria tusogee mbali.

Nikakata simu, nikamweleza nilikozikuta. Alitueleza kwamba kota za zamani kama yetu zina mabomba ya maji ya moto juu ya dari, na mengine yalivishwa asbestosi. Ni nyuzi za jiwe. Jiwe haliungui.

"Kwa macho siwezi kuapa, mpaka zipimwe maabara. Ila msifagie. Zilowesheni maji, mfunge chumba, mhame leo."

"Panya ndio wameziangusha?" Meshack aliuliza.

Optatus alichungulia chumbani, akamulika dari yote kwa tochi, kona hadi kona. Hapakuwa na tundu wala ufa.

"Hapo sijui," alisema polepole.

"Na zilizoingia kifuani?" nilinong'ona.

"Hazitoki, binti yangu. Huenda zisifanye kitu. Huenda zikakaa miaka thelathini, ndipo ziamke na saratani."

Tulikimbilia Mvumi, kwa mama mkwe.

"Mmenimiss hata siku haijaisha?" alicheka, akampokea mjukuu wake. Sikumwambia nilichomdhania.

Maabara bado hawajajibu. Tumsifu akilala, naweka sikio kifuani mwake. Mchawi ningempigia magoti, ningemwomba. Nyuzi hizi nitaziomba vipi?

Juzi alikohoa mara mbili.

"Vumbi la Mvumi hilo," alisema bibi yake.

Niliitikia. Nikaendelea kusikiliza...