Muulize Nasha

Jioni ile nilikuwa nafuata maziwa tu, Nangara, kwa Mama Saibulu. Natanguliza hilo kwa sababu wapo watu Babati wanaosema nilikwenda kuroga. Sijawahi kuroga mtu. Nilimkaribisha mwanamume kwenye boma la mama mmoja nikamwacha aongee, basi. Mengine aliyamaliza kwa mdomo wake mwenyewe.

Naitwa Bernadetha. Nilikuwa nafundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule binafsi pale Maisaka, na mwezi ule nilikuwa na nafasi mbili za kufundisha nje ya nchi. Ya kwanza ilikuwa Sudan Kusini, shule ya masista. Mji wa vumbi, joto la kukausha mate mdomoni, umeme wa jenereta. Lakini mkuu wa shule, Sista Edda, alinipigia mwenyewe, akanisomea mkataba mstari kwa mstari, kisha akanipa namba za walimu wake ili niwaulize habari zake bila yeye kusikia.

Nafasi ya pili ilikuwa Uarabuni, nchi sitaitaja. Mji wa bahari, maghorofa ya vioo, chumba kinachotazama maji. Kuhusu mwajiri wa huko nilijua jambo moja tu, kwamba Octavian anamsifia.

Octavian alikuwa wakala wa ajira, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vifaa vya umeme karibu na stendi. Kijana wa suti na marashi. Ukimuuliza juu ya mwajiri, anakujibu juu ya mji.

"Kwani unaenda kuishi na mwajiri, madam?" aliniuliza mchana ule huku akicheka. "Unaenda kuishi na mji. Kule ni kula bata tu, raha. Kama huniamini, muulize Nasha. Ni mwalimu wetu, nilimpeleka mimi mwenyewe."

Akanisikilizisha ujumbe wa sauti kwenye simu yake. Sauti ya msichana, imechangamka, yenye lafudhi ya Kimaasai, na nyuma yake mawimbi yanapiga. "Jamani, huku kuzuri. Njooni."

Mimi nimekulia kwenye vumbi. Kupanda ndege ili nikale vumbi la watu wengine niliona ni ujinga mtupu. Moyo wangu ukawa umeshakwenda baharini, nikaomba namba ya huyo msichana. Octavian akasita kidogo, kisha akanipa. Nadhani alijua haipatikani.

Jioni nikatoka na chupa yangu ya maziwa. Jua lilikuwa limezama, mwanga wa mwisho umebaki juu ya mlima Kwaraha. Njiani nikapiga ile namba.

Iliita.

Ikapokelewa. Hakuna aliyesema kitu. Nilisikia maji tu, yanakuja na kurudi.

"Nasha?" nikasema. "Nasha, habari za huko? Mimi ni mwalimu, naitwa Bernadetha, nipo Nangara hapa."

 Halafu sauti ya msichana aliyelelewa vizuri, ile ya mtoto anayeitwa na mkubwa.

"Abee."

Simu ikakatika. Nikajisemea mtandao wa Bongo, nikaendelea na safari.

Mama Saibulu alikuwa mama wa Kimaasai aliyehamia Nangara kutoka Simanjiro baada ya ukame kumaliza ng'ombe zake. Alibaki na wachache, na maziwa yake yalikuwa na ule utamu wa moshi, kwa kuwa vibuyu alivisafisha kwa kijinga cha moto kama wanavyofanya kwao. Nilimkuta amekaa mlangoni, kibuyu katikati ya magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Maziwa yako iko tayari."

Nikakaa kwenye kigoda nikaanza kumsimulia habari za kazi zangu mbili, maana nilihitaji mtu wa kunisikiliza. Nikamwambia kule Sudan mwajiri ni mzuri ila mahali pabaya, na Uarabuni mahali pazuri ila mwajiri simjui. "Bahati nzuri yuko binti wa kwenu huko," nikasema. "Nimempigia sasa hivi. Anaitwa Nasha."

Kibuyu kilimponyoka. Maziwa yakamwagika mpaka kwenye miguu yangu.

"Hiyo jina usitaje," alininong'oneza.

"Kwa nini, mama?"

"Ni mtoto yangu. Wa kwanza. Zamani watu wote naniita mimi kwa yeye."

Akanieleza, na sauti yake haikupanda hata mara moja. Binti yake alisomea ualimu, akapelekwa na Octavian. Wiki ya kwanza walimlaza hoteli ya ufukweni, wakamrekodi akicheka. Baada ya hapo mwajiri akachukua pasipoti yake, na shule haikuwepo. Akafungiwa kwenye nyumba ya watu kufundisha watoto mchana na kufua usiku. Alipougua, mwajiri alisema atakwenda hospitali mkataba ukiisha. Mlango ulikuwa unafungwa kwa nje. Akafia humo, akazikwa huko huko, na nyumbani likarudi begi. Mama akanyoa kichwa, na wazee wa kwao wakapita kwa majirani kuwaambia kwamba kuanzia siku hiyo aitwe kwa mtoto wa pili, Saibulu. Kwao jina la marehemu halitamkwi. Mimi hapa naliandika tu. Kulitamka siwezi tena.

"Ukimwita anaamka," alisema. "Anauliza, nani naniita, nataka nini. Hiyo kijana ya ofisini naita yeye kila siku. Kila mteja. Mtoto yangu hapana lala, mwalimu. Mwaka mzima hapana lala."

Nilitaka kusema pole. Sikuwahi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlio mdogo. Shanga zinagongana. Chwa... chwa... chwa... Mtu anatembea taratibu, kama aliyechoka na safari.

Kisha harufu ikaja. Babati tuna ziwa, lakini ziwa letu linanuka matope na viboko. Harufu hii ilikuwa ya chumvi. Ilikuwa harufu ya bahari, na bahari iko mbali nasi kwa safari ya basi ya siku nzima.

Ng'ombe wote wakageuka kuitazama nyumba.

Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja, na kwenye mlango ule tulikuwa tumekaa sisi wawili. Hakuna aliyetupita. Lakini ndani, gizani, kitanda cha ngozi kikalia kama mtu amekaa.

"Mwalimu," sauti ikasema, ile ile ya kwenye simu. "Umeniita. Ulikuwa unataka nini?"

Mama Saibulu alijifunika shuka usoni akaanza kulia bila sauti. Mimi nilihisi kwamba kutojibu kungekuwa kubaya zaidi.

"Nilitaka... nilitaka kujua kuhusu mwajiri," nikanong'ona.



"Mahali ni pazuri," ikasema. "Dirishani unaiona bahari. Lakini mlango haufunguki."

Shanga zikalia tena, zikaenda mbali, na harufu ikaisha. Niliogopa sana, sikatai. Lakini chini ya woga ule kulikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyobaki. Octavian alijua. Mama huyu alikuwa amenieleza alivyokwenda ofisini kwake na kichwa kimenyolewa, na Octavian akamwambia ashushe sauti kwa kuwa kuna wateja. Na mchana ule ule alikuwa amenichezea mimi sauti ya maiti huku akicheka.

"Mama," nikamuuliza, "na yule kijana akimwita akiwa hapa, mlangoni kwako?"

Alijifunua uso. Macho yake yalikuwa yamekauka.

"Hapa ni kwao," alisema. "Hapa yeye natoka mwenyewe, naitika. Lakini hiyo kijana hapana weza kuja."

"Atakuja. Mpaka sasa hajapata saini yangu."

Kesho yake nikamwambia Octavian nimechagua mji wa bahari. Tatizo langu, nikamdanganya, ni mama yangu mdogo wa Nangara, ameficha vyeti vyangu na hataki nisafiri. Labda yeye akija kumwelewesha, maana ana maneno mazuri. Alifurahi sana. Hakuwahi kufika kwa yule mama. Ni yule mama aliyemfuata yeye ofisini, na watu wa aina ile Octavian hakuwa na kawaida ya kuwatazama usoni.

Alikuja saa ya ng'ombe kurudi zizini, kavaa suti, kavaa viatu vya kung'aa. Mama Saibulu alikuwa mlangoni, shuka imeshuka mpaka kwenye macho.

"Shikamoo mama."

Mama akaivuta shuka chini zaidi.

"Mama, najua unamwogopea mwanao," Octavian akaanza, akachuchumaa mbele yake kwa heshima zote. "Lakini kule ni salama. Mji wenyewe ukiuona, hata wewe utataka kwenda. Sisi tuna binti yetu kule, wa kabila lako kabisa. Usiniamini mimi. Muulize Nasha."

Ng'ombe wakageuka.

"Mwite basi," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka imetulia kuliko nilivyotarajia. "Mwite mama amsikie."

Angeweza kusema mtandao unasumbua. Nilimpa nafasi ile, na nilikuwa namwomba Mungu asiitumie. Octavian akatoa simu, akaiinua hewani, akatabasamu.

"Nasha! Hebu mwambie mama. Nasha!"

Alikuwa hajagusa kioo.

"Abee."

Ilitoka ndani ya nyumba.

Octavian aliitazama simu yake. Akanitazama mimi. Harufu ya chumvi ilikuwa imeshajaa uani, na upepo wa unyevunyevu ulikuwa unatoka mlangoni kuja kwetu. Yule mama akashusha shuka, akamwonyesha uso na kichwa kilichonyolewa.

"Mimi nakuja ofisini yako ile siku," alisema. "Wewe naambia mimi shusha sauti. Leo nashusha."

"Mama... mama, mimi sikuua mtu, mimi ni wakala tu..."

"Jamani, huku kuzuri," sauti ya ndani ikasema kwa uchangamfu. "Njooni."

Alitaka kukimbia. Nilimwona kabisa, mabega yake yaligeuka kuelekea njiani. Miguu haikugeuka. Miguu ilichukua hatua moja kwenda mlangoni, kisha nyingine, huku mikono yake inatafuta kitu cha kushika. Ilinipata mimi. Alinishika mkono wa gauni langu akaniangalia.

"Madam. Nisaidie."

Nikamtoa vidole, kimoja kimoja.

Akaingia.

Mawimbi yakapiga mara moja. Ikasikika sauti ya komeo, na nyumba ile haikuwa na komeo. Mama alipovuta pazia na kumulika kwa tochi ya simu, mlikuwa na kitanda, vibuyu na sufuria. Dirisha lilikuwa dogo la kupitisha mkono. Viatu vyake vilibaki kizingitini, vimelowa.

Polisi walituhoji sote. Pasipoti yake waliikuta ofisini kwenye droo, kwa hiyo walijua hajavuka mpaka. Mganga mmoja wa Singe alisema kijana amechukuliwa msukule, mchungaji akasema ni pepo wa baharini. Wenzake wa stendi wanasema alikimbia tu wateja wake. Kila mtu achukue linalomfaa. Mimi niliwaambia polisi kwamba aliingia ndani na sikumwona akitoka, na huo ni ukweli mtupu.

Mwezi uliofuata nilikwenda Sudan Kusini. Vumbi ni kama nilivyoambiwa, na joto ni zaidi. Nilipofika Sista Edda alinakili namba ya pasipoti yangu ofisini kwake, akanirudishia mkononi. "Hii ni yako, mwalimu. Kaa nayo mwenyewe." Nilikwenda chooni nikalia, sijui kwa nini hasa.

Ujumbe wa kwanza wa sauti uliingia jioni ile ile, kutoka namba ya Octavian. Nyuma yake kulikuwa na bahari. "Madam, wamenichukulia pasipoti. Mlango wanafunga kwa nje. Madam, mimi naumwa." Tangu hapo unaingia kila jioni, na sauti inazidi kukonda.

Nilimpigia Mama Saibulu nimweleze. Akasema kwamba aliyempeleka mtu mlangoni ndiye anayeweza kumwita atoke. Ni kumwita kwa jina mara moja tu, kwa sauti, na iwe kwa moyo wa kumtaka. "Ni wewe, mwalimu," akasema. "Mimi hapana kukataza, hapana kuomba."

Jana Octavian aliniomba hivyo hivyo, kana kwamba naye ameambiwa. "Niite tu. Mara moja. Niite nitoke." Mdomo ninao, na jina lake nalijua. Nikafuta ujumbe, nikaendelea kusahihisha madaftari.

Hilo halininyimi usingizi. Masista walinipa chumba cha vitanda viwili, na mimi nalala kimoja. Ujumbe unapoanza kulia kwenye simu, kitanda cha pili kinalia kidogo, kama mtu amekaa vizuri asikilize. Mpaka leo tunasikiliza pamoja, tunafuta, tunalala. Ninachoogopa ni jioni nitakayomhurumia Octavian, na binti yule akiwa amekaa pale ananitazama.