Kamera ya Kuvuka Uwanja

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, msije mkahangaika kumtafuta.

Naitwa Deodatus. Mimi ni Mhaya wa Kamachumu, lakini nakaa Pasiansi na nafanya kazi kiwandani Nyakato. Mke wangu, Selina, ni Msukuma wa Kisesa. Asubuhi zetu zinafanana. Yeye anakoroga uji, mimi natafuta soksi.

"Ziko miguuni mwako," ananiambia. "Na hawa ndio Wahaya, wasomi wa nchi!"

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, simu ya Selina iliita. Alikuwa mama yake, Mama Dorotea. Alikuwa amevunjika mguu wiki mbili kabla, bado amelala nyumbani Kisesa.

"Selina," alisema, "mwaka huu kaka yangu Shigela anacheza kwa mara ya mwisho. Anakabidhi ngoma kwa vijana. Na mimi nimelala hapa kama gunia. Nitafutieni picha yake akicheza. Nataka nimwone uso. Sitaki picha ya kofia."

"Tutakuletea, mayu," Selina alijibu.

Ni rahisi kusema hivyo. Ngoja nieleze ugumu wake.

Shigela ni manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa kundi la Wagalu. Baba mkwe wangu, Mzee Masalu, ni manju wa Wagika. Makundi haya mawili ni wapinzani tangu enzi za mababu. Pale Bujora, karibu na Kisesa, kwenye sikukuu ya ngoma ya kila mwaka, wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake wa uwanja. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji ndio waamuzi. Watu wakimiminika kwako, umeshinda. Wakikukimbia, umeshindwa.

Kwa hiyo mtu wa nyumba ya Wagika havuki uwanja kwenda kwa Wagalu. Mguu wake ni kura.

"Basi tutampigaje picha mjomba?" niliuliza.

"Kwa kusimama upande wetu," Selina alisema. "Ila simu yako haifiki kule. Mwaka jana ulimpiga baba kwa mbali kidogo, akaonekana kama nzi kwenye maziwa."

"Tununue kamera ndogo yenye zoom ndefu, ya kuvuta cha mbali. Desemba tutaenda nayo Serengeti, kisha Bukoba kwa meli."

"Wazo zuri. Lakini muulize kwanza Rebeka."

Rebeka ni jirani yetu. Ana studio ya picha, na mdomo wake ni mkubwa kuliko hiyo studio.

"Nimuulize Rebeka wa nini? Boksi limeandikwa. Kusoma najua."

Nikaenda mjini. Muuzaji alinionyesha boksi linalong'aa. Mbele yake kulikuwa na namba kubwa: zoom mara sitini na nne.

"Na megapikseli arobaini na nane, bosi," aliongeza.

"Kuna yenye namba kubwa kuliko hii?"

"Hakuna."

"Funga."

Hata kuiwasha sikuiwasha. Mtu akinunua muhogo sokoni anauvunja kwanza autazame. Mimi nilinunua kamera nikatazama boksi.

Siku ya ufunguzi nilivaa kizibao changu chenye mifuko mingi. Hakuna mfuko hata mmoja uliokuwa na kitu, lakini nilipendeza. Nikapanda juu ya jiwe upande wa Wagika. Ngoma zikaanza. Baba mkwe alikuwa katikati ya duara letu, akirusha jembe juu na kulidaka. Watu walijaa wakipiga vigelegele.

Ng'ambo ya uwanja, Shigela alikuwa amelisimamisha jembe lake juu ya meno, anazunguka nalo. Nikabonyeza zoom. Shigela akaja karibu. Nikabonyeza tena, akaja zaidi. Nikafurahi sana. Nikapiga.

Jua lilikuwa kali, kioo cha kamera kilionekana cheusi tu. Nikakifunika kwa kofia nikachungulia.

Nilishtuka. Palipotakiwa kuwa na uso palikuwa na uji wa ulezi! Macho hayapo. Mdomo haupo. Jembe limekuwa kama ufagio. Nikapiga tena. Uji tena. Nikapiga mara ya tatu, safari hii mkono ukatikisika, uji ukamwagika picha nzima.

Nikajiambia, "Ngoja nisogee kidogo tu."

Nikashuka kwenye jiwe. Nikasogea. Nikapiga, haifai. Nikasogea tena. Macho yangu yalikuwa kwenye kamera, sikuangalia miguu inakwenda wapi. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama mmoja.

"Jamani, wa televisheni huyo! Anahamia kwa Wagalu!"

"Wa televisheni yupi?"

"Si huyo mwenye mifuko! Kule lazima kuna jambo kubwa. Twendeni!"

Nilisikia vishindo vya miguu, lakini sikujua kwamba vinanifuata mimi. Nilipogeuka, nywele zilinisimama. Nusu ya uwanja ilikuwa nyuma yangu! Watoto, akina mama, wazee na fimbo zao, wote wananifuata kama mbuzi wanaomfuata mwenye chumvi.

Kule nilikotoka, duara la Wagika lilikuwa na matundu kama shamba lililopitiwa na ng'ombe. Baba mkwe alisimama katikati, jembe likiwa hewani. Hakulirusha. Hakulishusha. Mdomo ulikuwa wazi. Ngoma yao ilinyamaza. Selina alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Deo!" alipiga kelele. "Umefanya nini?"

Kabla sijajibu, Shigela mwenyewe alinishika mkono, jasho likimtoka.

"Asante sana, mkwe wetu! Karibu Wagalu!"

Umati ulishangilia, ukanisukuma huku na huku. Hapo nilipokuwa karibu kabisa na uso wa Shigela, nilipiga picha moja. Ilitoka kisogo cha mtu nisiyemjua.

Wagika walishindwa siku hiyo.

Jioni tulikwenda nyumbani kwa wakwe. Baba mkwe alikaa uani juu ya kigoda. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkwe, nilikupa binti yangu?"

"Ndiyo, baba. Ulinipa."

"Sasa nilikukosea nini?"

 Mimi ninayewatania watu kuanzia Pasiansi mpaka Nyakato, siku hiyo nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Kwa desturi mimi siingii chumbani kwa mama mkwe. Nilibaki mlangoni. Selina ndiye aliyempelekea kamera.  Kisha nikasikia sauti ya mama, ya chini kabisa.

"Selina, huyu ni kaka yangu au ni moshi?"

"Ni mjomba, mayu."

"Simwoni. Basi. Labda sitamwona tena akicheza."

Maneno hayo yalinichoma kuliko yale ya baba. Ilibaki nafasi moja tu. Jumapili ilikuwa siku ya kufunga ngoma. Baada ya hapo Shigela angevua njuga zake.

Kesho yake nilimeza kiburi changu nikaenda kwa Rebeka. Nilipomsimulia, alicheka mpaka akakalia kiti cha wateja.

"Kwa hiyo wewe ndiye wa televisheni! Habari zilishafika hapa. Lete hiyo kamera."

Aligeuza boksi, akaniwekea kidole chini kwenye kona. Pale palikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa.

"Soma, msomi."

Nikasoma. Zoom ya lenzi, mara nne. Zoom ya kidijitali, mara kumi na sita.

"Wamezidisha nne kwa kumi na sita," Rebeka alisema, "wakapata sitini na nne yao wakaiandika mbele. Zoom ya kweli hapa ni ile nne tu."

"Na hiyo nyingine?"

"Umewahi kumwona Selina akisukuma chapati?"

"Kila Jumapili."

"Donge moja akilisukuma mpaka likawa kubwa kama ungo, unga umeongezeka?"

"Haujaongezeka. Limekuwa jembamba tu."

"Ndiyo zoom ya kidijitali hiyo. Kamera inakata kipande cha picha, inakitanua. Hakuna kipya kinachoingia, kwa hiyo uso unakuwa uji. Zoom ya lenzi ni vioo. Vioo vinasogea humo ndani, vinakuletea cha mbali pamoja na kope zake."

"Na hizo megapikseli arobaini na nane?"

"Hizo zinakusaidia ukitaka kuchapa picha kubwa ya ukutani. Kwa kamera ndogo kama hizi, namba kubwa ya megapikseli haileti cha mbali karibu. Achana nazo kwanza."

Tulikwenda wote dukani. Bahati nzuri nilikuwa nimetunza boksi na risiti, na muuzaji alikubali nibadilishe kwa kuongeza hela kidogo. Safari hii Rebeka ndiye aliyeongea.

"Toa zenye zoom ya lenzi mara ishirini na tano kwenda juu. Ziwashe zote."

Alinipa ya kwanza. "Simama mlangoni. Vuta mpaka mwisho. Piga bango la duka la dawa ng'ambo ya barabara. Sasa ikuze picha kwenye kioo. Herufi ndogo zinasomeka?"

"Zimetikisika."

"Hii haina kitulizi cha kuzuia picha kutikisika. Ukivuta mbali, mtikisiko mdogo wa mkono unakuwa tetemeko la ardhi. Lazima kamera iwe na kitulizi ndani ya lenzi. Lete nyingine."

Ya pili ilisoma herufi vizuri, lakini ilikuwa kubwa kama tofali.

"Hii ni nzuri," nilisema. "Inaonekana ya maana."

"Inaonekana ya maana kwa nani? Unataka televisheni tena? Hii utaiacha begini kwa uzito. Simba atapita Serengeti, wewe bado unafungua zipu. Kamera ya safari inakaa mfukoni."

Ya tatu iliingia mfukoni. Nilipoiwasha, lenzi ilitoka taratibu kama kichwa cha kobe. Zoom ya lenzi yake ilikuwa mara thelathini. Juu kwenye kona ilikuwa na kitundu cha kuchungulia.

"Hicho ndicho dawa ya jua," Rebeka alisema. "Kioo cha nyuma kikiwa cheusi, weka jicho hapa. Piga lile bango."

Nikapiga. Nikakuza. Nilisoma mpaka saa za kufungua duka la dawa! Nilimtazama Rebeka mdomo wazi.

"Funga mdomo, nzi wataingia. Kuna mengine matatu manne. Hizi kamera ndogo, ukivuta mbali, zinahitaji mwanga mwingi. Jua likizama usiilaumu. Ingia kwenye mipangilio uzime ile zoom ya kidijitali, isije ikakudanganya tena. Nunua betri ya akiba. Na kwenye vumbi la Bujora usiache lenzi ikiwa nje. Ukimaliza kupiga, zima, weka kwenye kifuko."

"Na mkono wangu?"

"Bana viwiko mbavuni. Vuta pumzi, ishike kidogo, bonyeza polepole. Kamfanyie mazoezi ndege asiyekujua."

Siku zilizobaki nilikwenda ufukweni Pasiansi kila nilipotoka kazini. Kule kwenye mawe wanatua korongo wakubwa. Siku ya kwanza nilipata mabawa. Siku ya pili nikapata shingo. Siku ya tatu korongo alinitazama moja kwa moja kwenye lenzi, na nywele chache za kichwani kwake zilihesabika.

Jumapili ikafika. Kizibao nilikiacha nyumbani. Nilivaa shati la kawaida, kamera mfukoni. Nilipanda juu ya lile jiwe. Baba mkwe aliponiona, aliwaita vijana wawili wa Wagika wakae chini ya jiwe.

"Akishuka kabla ya ngoma kwisha," aliwaambia, "mkalieni."

Ngoma zikalia. Ng'ambo, Shigela aliinua jembe akaliweka juu ya meno. Nikaweka jicho kwenye kitundu. Nikavuta. Umati ukapita, vumbi likapita, kisha akabaki yeye. Nikabana viwiko. Nikashika pumzi. Nikabonyeza.

Miguu yangu haikutoka kwenye jiwe. Hakuna aliyenifuata, maana hakuna mtazamaji aliyenitilia maanani. Duara la Wagika lilijaa mpaka watoto wakapanda mabegani. Siku hiyo Wagika walishinda, na baba mkwe alibebwa juu juu.

Tulifika Kisesa jua halijazama. Nikabaki mlangoni. Selina akampa mama kamera.

 Halafu tukasikia ukelele mpaka kuku wakatawanyika uani.

"Yeee! Shigela! Mwone jasho lake! Mwone na pengo! Jino hilo alilivunja siku alipoanguka mtini akiiba asali, mimi ndiye niliyemshikia ngazi!"

Alicheka. Akalia. Akacheka tena. Aliikuza picha, akaipunguza, akaikuza. Mimi mlangoni nilijifuta macho nikisingizia vumbi.

Baba mkwe aliingia na kusimama miguuni pa kitanda. Alingoja. Akakohoa. Akangoja tena.

"Dorotea," alisema mwishowe, "hata huulizi nani kashinda?"

"Nani?" mama aliuliza, macho yakiwa kwenye kamera.

"Mimi! Mimi ndiye niliyeshinda, na anayetazamwa ni aliyeshindwa! Na huyu mkwe wetu hajatubu. Mguu haukuvuka, sawa. Lakini jicho lake lilikuwa kwa Wagalu mchana kutwa. Jicho nalo ni mtazamaji. Lilivuka uwanja!"

Mama Dorotea aliishusha kamera kifuani. Alimtazama mumewe kuanzia njuga mpaka utosini.

"Masalu, mimi binti wa Wagalu nilivuka mwili mzima na vyungu vyangu nikaja kwako, na kwetu hakuna aliyepiga kelele. Wewe unalilia jicho moja la mkwe?"