Namba Isiyo na Kidole

Ujumbe uliingia kabla Benedikta hajauomba.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, kwenye duka la mapazia la Mzee Elimringi, ghorofa ya pili ya jengo moja la Kariakoo. Benedikta alikuwa amekaa kwenye kigoda na simu ya duka mkononi. Alikuwa ameshachagua namba, lakini kidole chake kilikuwa hakijagusa sehemu ya kuomba. Simu ikatetemeka. Zikatokea tarakimu sita, na chini yake maneno ya siku zote: usimpe mtu yeyote namba hii.

"Mtandao leo una haraka," alisema.

"Una haraka kukushinda wewe, Da Bene," alijibu mdogo wake, Vicky. Alikuwa juu ya ngazi, anatundika pazia zito la rangi ya damu ya mzee.

Kazi hiyo ya namba waliianza mwezi wa tatu. Mzee Elimringi alitaka mapazia yake yatangazwe kwenye magrupu yote ya mauzo. Akaunti moja ikituma matangazo mengi inafungiwa, kwa hiyo zilihitajika akaunti nyingi, na kila akaunti inataka namba yake. Laini za kawaida zinasajiliwa kwa kitambulisho na alama ya kidole, na mtu hawezi kujisajilia laini kumi. Ndipo Benedikta akajifunza kukodi namba za mtandaoni. Unaingia kwenye tovuti, unachagua namba ya nchi yoyote, unaitumia dakika ishirini kupokea ule ujumbe wa uthibitisho, basi. Namba inarudi kwa wenyewe, akaunti inabaki kwako. Namba hizo hazina laini ya kushika wala kidole cha mtu.

Uso na jina waliweka wao. Kila akaunti waliipa jina la Vicky na picha ya Vicky, kwa sababu wateja wanamwamini binti anayecheka. Vicky alikuwa na miaka kumi na tisa, na sauti yake ya kukaribisha wateja ilisikika mpaka mwisho wa korido. Mama yao alipomruhusu aje Dar kutoka Masasi, alimshika Benedikta mkono stendi akamwambia, "Nakupa huyu. Unirudishie huyu huyu."

Benedikta akaziingiza zile tarakimu. Hakuziomba, lakini zilikuwa zimeshakuja. Akaunti ikafunguka. Alipotaka kuandika jina, akakuta jina lipo. Picha nayo ipo: Vicky juu ya ngazi, na blauzi yake ya njano aliyovaa siku hiyo, ameshika pazia la damu ya mzee.

"We Vicky, hii picha umejipiga saa ngapi?"

Vicky akashuka, akaitazama. "Nijipige na mkono gani? Yote miwili ipo kwenye pazia. Umenipiga wewe, acha utani."

Picha ilikuwa imepigwa kutoka ukutani, nyuma ya mapazia, mahali ambapo hata mtoto hawezi kupenya.

Mchana umeme ulikatika na feni ikasimama. Ndipo ikaja harufu. Ilikuwa ya udi uliochanganyika na tope, kama Jangwani siku mafuriko yanapoondoka na kuacha nguo za watu kwenye miti. Pazia la damu ya mzee likaanza kuvimba taratibu, likasinyaa, likavimba tena.

"Ni upepo wa korido," alisema Mzee Elimringi. Lakini alisema kwa sauti ndogo, na kiti chake akakisogeza karibu na mlango.

Kesho yake akapanda mteja, Mama Angelina, mwanamke mnene anayejenga Kigamboni. Alifika juu anahema.

"Vicky ni yupi? Ahsante mwanangu. Umenielekeza tangu nimeshuka kwenye pantoni pale Magogoni mpaka kwenye hizi ngazi zenu za kuua watu."

Vicky alikuwa hajaongea na mtu yeyote kwenye simu. Alifungua mdomo aseme hivyo, ikatoka pumzi tu, kama mtu aliyelia usiku kucha.

"Mh. Sauti imekwenda wapi? Si sasa hivi ulikuwa unanichekesha?" Mama Angelina akamtazama Benedikta. "Mpe tangawizi huyu."

Mteja alipoondoka, dada wawili wakafungua ile akaunti. Ilikuwa imetuma jumbe za sauti kwa watu zaidi ya arobaini, na zote zilikuwa sauti ya Vicky. Karibu mama, karibu dada, njoo ujionee mapazia. Na kila mwisho wa ujumbe, baada ya maneno kuisha, ilisikika nguo nzito inaburutwa sakafuni.

Tangu siku hiyo Vicky hakusema tena. Walijaribu tangawizi, wakajaribu dawa za duka la dawa, sauti haikurudi. Siku ya nne simu yake mwenyewe ikakataa kidole chake. Akapangusa, akajaribu tena, ikakataa. Benedikta akamvuta mpaka dirishani na kumkunjua kiganja. Ncha za vidole zilikuwa laini tupu, hazina mstari hata mmoja, kama mgongo wa kijiko.

"Vitambaa vinachubua," alisema Mzee Elimringi. "Hata mimi mwaka juzi mashine ilinikataa." Kisha akafungua droo, akatoa chupa yake ya maji ya baraka, akanyunyiza mlangoni na kwenye mapazia bila kumtazama mtu. Matone yaliyoangukia pazia la damu ya mzee yaliteleza mpaka chini, na kitambaa hakikulowa.

Benedikta aliamua kuifuta akaunti. Alibonyeza kufuta, na simu ikamwambia kwamba itatuma tarakimu sita kwenye namba iliyosajiliwa, ili kuhakikisha ni mwenyewe. Lakini namba ile ilikuwa imesharudi kwenye tovuti siku ile ile, na alipokwenda kuikodi tena akakuta imeandikwa kwamba inatumika, na kesho yake inatumika, na keshokutwa inatumika, na hapakuwa na ofisi ya kwenda wala mtu wa kumpigia, kwa sababu namba yenyewe haikuwa ya mtu.

Siku ya saba, saa za alasiri, alimpeleka mdogo wake Magomeni kwa Bi Shadya, mwanamke anayejulikana kwa kutoa majini. Uani kulikuwa na chetezo na mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mketishe hapa. Mfunike shuka, uso tu."

Bi Shadya alifukiza ubani, akasoma kwa muda mrefu, kisha akainama karibu na shuka na kunong'ona kama anayezungumza na mgeni ambaye hataki kumuudhi.

"Wewe uliyemfanya mtoto huyu kiti chako. Jina lako nani?"

Chini ya shuka sauti ya Vicky ikatoka, safi, nzuri, ile ya korido. Ikataja tarakimu sita, moja moja.

Simu ya duka ikatetemeka ndani ya mkoba wa Benedikta. Akaitoa. Zilikuwa tarakimu zile zile.

"Sikuulizi hesabu," alisema Bi Shadya. "Nakuuliza jina."

Sauti ikataja tarakimu sita nyingine. Simu ikatetemeka tena. Akauliza mara ya tatu, na ya nne, na kila mara jibu lilikuwa jipya, na kila mara simu ilitetemeka kabla sauti haijamaliza, mpaka yule mama akachukua maji akamwaga kwenye chetezo, na moshi uliopanda ulikuwa na harufu ya tope.

"Mlimpa nini?" aliuliza.

"Jina lake. Na picha."

"Na kidole?"

"Hatukumpa kidole, bibi."

"Basi amekifuata mwenyewe." Akasukuma chetezo pembeni. "Jini namtoa kwa jina, mwanangu. Namwuliza yeye nani, katoka wapi, anataka nini, nampa, anaondoka. Huyu jina lake halidumu hata robo saa. Nitamwita vipi?"

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui," alisema Bi Shadya, na hakuna kitu kilichomtisha Benedikta kama neno hilo. "Usimwache peke yake. Zaidi ya hapo sijui."

Hakumwacha. Siku ya tisa walikuwa dukani, saa saba mchana, Mzee Elimringi ameenda kula. Vicky alikaa kwenye kigoda mbele ya mapazia, mikono magotini, kama alivyokaa siku zote hizo. Simu ya duka ikatetemeka. Tarakimu sita. Namba hii itatumika kwa dakika kumi. Usimpe mtu yeyote. Kabla Benedikta hajaiweka chini, simu ikaita, na mpigaji alikuwa ile akaunti, na ile picha ya blauzi ya njano.

Akapokea.

Mwanzo ilikuwa nguo inayoburutwa. Halafu ikaja pumzi iliyokauka, ya mtu anayesukuma maneno kwa nguvu zake zote.

"Da Bene," ilisema. "Huku kuna mapazia tu. Nafungua moja, nakuta jingine. Nisomee hiyo namba nitoke."

Benedikta aligeuka. Kwenye kigoda Vicky alikuwa amemkazia macho, na yeye ambaye siku nane hakuwa ametoa neno ila zile tarakimu za kwa Bi Shadya akafungua mdomo na kusema, kwa sauti safi kabisa, "Usimsomee, Dada Benedikta. Ndilo hilo jini. Imeandikwa usimpe mtu."

Na Benedikta akasimama katikati ya duka, simu sikioni, harufu ya tope imejaa puani, upande wake wa kulia mtoto aliyekabidhiwa na mama yake, mwenye uso ule ule na sauti ile ile, na sikioni pumzi isiyo na uso inayosema tafadhali, tafadhali, dakika zinakwisha. Na alikuwa ameshakosea mara moja kwa kuingiza tarakimu asizoziomba, na aliapa hatazitoa tena ovyo, na Bi Shadya alikuwa hajui, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza, akaona kwamba jambo la salama ni kusubiri, akasubiri mpaka ile pumzi ikaanza kwenda mbali kama mtu anayevutwa kwa miguu, na simu ikakatika.

Aliyekuwa kwenye kigoda akanyanyuka. Akanyoosha blauzi yake, akaenda mlangoni, na sauti ikajaa korido yote: "Karibu mama, karibu dada, njoo ujionee mapazia."

Hapo ndipo Benedikta alipokumbuka. Tangu alipoanza kuongea utotoni, Vicky alimwita Da Bene. Jina la Dada Benedikta lilikuwa sehemu moja tu, kwenye orodha ya namba za simu ya Vicky.

Alikimbilia simu akazisoma zile tarakimu kwa nguvu, hewani, kwa mapazia, mara tatu, mara nne. Dakika kumi zilikuwa zimepita.

Wiki ile Mzee Elimringi alimpeleka binti kwa wakala wa laini asajiliwe. Mashine ilikubali kidole mara ya kwanza na kuonyesha jina kamili. Mzee alifurahi, akasema si alisema ni vitambaa tu. Mama yao alipigiwa, akasikia sauti, akashukuru Mungu. Wateja wanampenda. Hachoki, na wala haulizi lini ataenda likizo Masasi.

Benedikta bado anafanya kazi pale. Pazia la damu ya mzee halijauzwa, kwa sababu kila mteja akitaka kulishika Benedikta anasema limeshachukuliwa. Wenzake wakiwa wameenda kula analisogelea, anaingiza mkono nyuma yake hadi begani, na hajagusa ukuta hata siku moja. Anaita kwa sauti ndogo. Kila siku anaangalia simu, anangoja tarakimu sita nyingine, ili azisome. Haziji.