Uzi Uliokataa Kukauka

Uzi mnene wa fidla ya Eulalia Chuvé ulikutwa umelowa asubuhi, na kijiji cha Santa Ana hakikuwa kimeona tone la mvua kwa miezi mitatu. Aliupangusa kwa nepi ya mtoto, akaukaza, akaendelea na mazoezi. Kesho yake, tena. Sasa unanuka tope.

"Fermín, hizi nyuzi uliziosha wapi?"

Mumewe ndiye fundi wa nyuzi. Fidla za kizamani, zile walizofundishwa na mapadri enzi za mababu, hazitaki waya wa chuma. Zinataka utumbo wa kondoo, uloweshwe, ukwanguliwe, usokotwe, uanikwe kivulini.

"Kisima kimepungua, mama Damián. Nilikwenda bwawa la juu."

"Uliomba?"

Akacheka. "Nimwombe nani, vyura?"

Pale kila mtu huomba. Bwawa lina mwenyewe, jichi, jini la maji lenye mwili wa nyoka, na hata mlevi hanywi pale kabla ya kusema naomba. Lakini Jumamosi wageni kutoka Uholanzi walikuwa wanakuja kuchagua mpiga fidla mmoja, mmoja tu, akasome na kuajiriwa kwao, na Eulalia aliingoja siku hiyo tangu ana miaka tisa. Nyuzi nyingine hakuna. Akaukaza tena uzi.

Jumatano mchana, saa ile ya joto ambayo kijiji kizima kimelala, fidla ikaanza kujilegeza ukutani. Krrr. Vigingi vya kukazia nyuzi vinazunguka, hakuna mkono. Sauti ikashuka, ikashuka, ikawa kama mtu anaguna ndani ya maji. Damián, mtoto wao wa miezi saba, akaacha kulia ghafla.

Eulalia akakimbilia mtungini ampe mtoto maji, mtungi mkavu, na aliujaza mwenyewe asubuhi, akatoa titi, titi halina kitu, akamgusa mtoto utosini, utosi umebonyea kama kikombe, macho yamekauka, ulimi umekauka, akapiga kelele Fermín, Fermín, akaichukua fidla aitupe nje, na fidla ilikuwa nzito, na ndani ya tumbo lake maji yalicheza, chubwi, chubwi, kama mtungi uliojaa.

Wakambeba mtoto na fidla hadi kwa Bibi Petrona, mganga. Akainusa fidla, akarudi nyuma.

"Maji ya nyumba yenu yamehamia humu," alinong'ona. "Mmelowesha utumbo wa mzoga kitandani kwa jichi. Sasa linakunywa mnachokipenda."

"Tufanyeje, Bibi?"

"Mrudishieni. Fidla na kila uzi. Na wewe, mcheka vyura, beba."

Fermín akaibeba fidla.

Njiani Eulalia akasema amesahau shali ya mtoto, akaichukua fidla mikononi mwa Fermín, akarudi nayo nyumbani mbio. Kule bwawani waliizamisha, wakaomba radhi wote wawili, wamepiga magoti topeni. Ilizama bila povu.

"Nyuzi zote zimo?" aliuliza Bibi Petrona.

"Zote, Bibi."

"Nitazame, mjukuu wangu."

"Zote."

Uzi mnene ulikuwa ndani ya kopo la maziwa, chini ya machela anayolalia mtoto. Fidla angeazima kwa binamu yake, lakini uzi mnene wenye sauti ile angeutoa wapi? Siku tatu tu, aliwaza. Nikishachaguliwa nitaurudisha mwenyewe.

Jioni ile Damián alilowesha nepi, na Fermín akaipeperusha uani kama bendera. "Kojo la mwanangu, jamani!" Maziwa yakarudi. Wakacheka mpaka wakalia.

Jumamosi mchana wageni walishafika kanisani. Eulalia akafungua kopo. Limekauka, tupu. Akalipekua, akapekua mkeka, akapekua shali.

"Fermín, umeshika kopo langu?"

"Sikujua hata kama lipo."

Machelani Damián alikuwa anamtazama, mdomo umelowa, kidevu kinang'aa. Akacheka. Kicheko kikatoka chini sana, chini kuliko sauti ya mtoto yeyote, na kikalegea taratibu, kikashuka, krrr, kikashuka tena. Eulalia akamwekea kiganja kifuani. Mbavu zilikuwa zinatetemeka kama ubao wa fidla, na pumzi yake ilinuka tope.

Kutoka kanisani wakaanza kuita jina la Eulalia.