Kutimiza si Kuingia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ngongoti alimsaidia mama yake kukunja mashuka ya nyumba ya wageni. Mama alikuwa dobi. Chumba chao cha mbele kilinuka sabuni, na ukiingia bila kuinama, shuka bichi linakupiga usoni kama kofi la shangazi. Mama alishika pembe mbili, Ngongoti mbili, wakakaribiana, wakaachana, wakakaribiana tena. Jina la Ngongoti alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wavulana wote, na kuliko mwalimu wa hesabu pia, ingawa mwalimu mwenyewe hakukubali kupimwa. Mdogo wake aliitwa Kidonge. Huyo alikuwa mdogo kiasi kwamba siku moja alikunjwa ndani ya shuka, na alikuwa karibu kupelekwa kwa wageni.

Baba hakuishi nao. Yeye na mama walikuwa wameachana miaka miwili iliyopita, na mahakama ikatoa hati iliyomtaka baba alete posho ya watoto kila mwezi. Posho hiyo ilikwenda kwa umri. Mtoto ambaye hajatimiza miaka sita, fungu moja. Akitimiza sita, fungu moja na nusu, maana anaanza shule. Akitimiza kumi na mbili, mafungu mawili, maana anakula kama mtu mzima na viatu havimkai miezi minne. Hati ilikuwa wazi kama maji ya kunywa. Waliokuwa na tope ni waliokuwa wakiisoma.

Jumamosi Ngongoti alikwenda kwa baba yake, ambaye alikuwa kinyozi. Alifagia nywele na kuwashikia wateja kioo waone visogo vyao. Alizipenda sana Jumamosi hizo. Baba alikuwa mcheshi. Mtu aliingia na ndevu na huzuni, akatoka hana hata kimoja. Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baba alifunga mlango mapema, akamwambia kwamba Jumatatu wote wanakwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Posho inakaguliwa upya, na afisa atamwuliza umri wake.

"Utasema unaingia kumi na mbili," baba alisema.

"Nimeshatimiza, baba. Tangu mwezi wa tatu."

"Kuingia, kutimiza, si kumi na mbili hiyohiyo? Mimi sijakwambia udanganye. Nimekwambia uchague neno."

Ngongoti hakuwa mjinga. Anayeingia kumi na mbili bado ana kumi na moja. Anayetimiza ameshamaliza. Katikati ya maneno hayo mawili kulikuwa na nusu fungu zima kila mwezi, na sketi yake ya shule, ambayo sasa ilimfika juu ya magoti, ilikuwa inalingojea nusu fungu hilo. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kwa baba, chini ya boksi la nyembe, na baba alikuwa ameiandikia ofisi kuwa kimepotea.

Kisha baba akatoa gauni jipya la waridi lenye kipepeo kifuani, la kumtosha mtoto wa miaka tisa. Akamwambia alivae Jumatatu, na akikaa ajikunje kidogo.

"Ukiniaibisha pale," akamalizia, "Jumamosi usije tena. Baki na mashuka yenu."

Ngongoti aliangalia lundo la nywele alilofagia, la visogo na makwapa ya watu, limelowa povu. Kila wiki alilizoa bila kuwaza. Leo mate yalimjaa mdomoni. Hata yale marashi ya ndevu aliyokuwa akiyapenda yalimkaba kooni kama harufu ya kitu kilichooza. Alitoka nje, akatema, akatema tena.

Njiani alipanga kumweleza mama kila kitu. Alipofika nyumbani alimkuta mama ameweka pasi chini, amemsimamisha Kidonge juu ya kigoda. Kidonge alikuwa amevaa viatu vikubwa vilivyojazwa karatasi kwenye ncha. Mama anauliza, yeye anajibu, tena kwa sauti ya kuitikia bendera: nimetimiza sita. Ukweli ni kwamba Kidonge alikuwa na miaka mitano, na angetimiza sita mwezi wa kumi na moja. Cheti chake, mama aliiambia ofisi, kilifuliwa kwa bahati mbaya. Mama hakuona ubaya wowote. Alisema baba yao mwenyewe ni mwongo, na mwongo dawa yake ni hiyohiyo.

Basi Ngongoti akanyamaza. Usiku hakula. Alijiona yeye na mdogo wake kama nguo za kufuliwa: mmoja anakamuliwa apungue, mwingine anavutwa arefuke, na wanaovuta ni wale wale waliowazaa.

Jumatatu walikaa wote wanne mbele ya afisa wa ustawi wa jamii. Alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, na leso yake ilikaa juu ya mafaili. Ngongoti alikuwa ndani ya gauni la kipepeo, mabega yamembana hadi shingoni. Afisa alipomwambia asimame, mshono wa kwapani ukaachia, ukalia chwaa. Kidonge akacheka. Baba akajifanya anasoma ukutani.

Afisa akamwuliza ana miaka mingapi. Ngongoti alimtazama baba. Baba alimtazama kwa macho ya Jumamosi, yale ya mzaha na ya upole, na hilo ndilo lililouma kuliko kama angemkodolea macho.

"Nimetimiza kumi na mbili, mama," akasema. "Mwezi wa tatu."

Baba alishusha pumzi kama tairi. Mama naye alitabasamu, tena tabasamu pana la mtu aliyeshinda, mpaka Ngongoti akajisikia vibaya kumtazama. Afisa akaandika, akapiga chafya, akamgeukia mdogo. Kidonge akaruka kwenye viatu vyake, kimoja kikabaki nyuma.

"Nimetimiza sita."

"Hongera. Ulitimiza lini?"

"Juzi jioni," Kidonge akasema, "mama alipomaliza kupiga pasi."

Mama alieleza haraka haraka kwamba huyu mtoto ni mtundu, ana maneno mengi. Afisa hakumsikiliza. Alimwuliza Ngongoti kama ni kweli. Mama alimshika mkono chini ya meza na kuubana. Ule mkono mgumu wa sabuni, uliomlea peke yake miaka miwili.

"Anaingia sita," Ngongoti akasema, machozi yakimtoka. "Atatimiza mwezi wa kumi na moja."

Mkono ukamwachia.

Afisa alivua miwani. Alisema vyeti vyote viwili angeviomba kwenye masjala siku hiyohiyo, na kwamba kilichopotea na kilichofuliwa vyote huwa vinapatikana huko, vikavu kabisa. Kisha akawasogezea wazazi fomu na kalamu. Akamtaka baba aandike kwa mkono wake neno "ametimiza" mbele ya umri wa Ngongoti, na mama aandike "anaingia" mbele ya wa Kidonge. Waliandika. Baba alikosea herufi, akalazimika kuanza upya.

"Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na tisa," afisa akawaambia, "na hili bado linanichefua. Posho inapanda kwa umri kwa sababu mtoto anakua, na kukua kunataka chakula na viatu na daftari. Wewe baba ulipunguza umri, ukamnyima mwanao nguo ya kumtosha. Wewe mama uliuongeza, ukamfundisha huyu mdogo wizi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ugomvi wenu mmalizane nyie. Watoto waacheni waseme kweli bila kuogopa kwamba watakosa mzazi."

Mama alijifuta uso kwa kanga, akamvua Kidonge kiatu alichobaki nacho mguuni, akazitoa karatasi moja moja na kuzitupa kwenye pipa la ofisi.

Kwenye korido baba aliwapita. Alifika mlangoni, akasimama, akarudi. Alimwambia Ngongoti kwa sauti ndogo kwamba yale maneno ya Jumamosi yalikuwa ya hasira na pupa, na kwamba aje kama kawaida.

Ngongoti alikuwa bado anasikia kichefuchefu, na hakutaka kukificha.

"Nitakuja, baba," akasema. "Ila usinifundishe tena umri wangu."